Mbwa kwenye picha ni uaminifu, au ni mbwa tu?

#1 Chungulia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nina ubishi ulionikaa kichwani wiki ya pili sasa na sitaki kuumaliza peke yangu. Kuna ile picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, mume na mke wamesimama chumbani wameshikana mikono. Iko National Gallery, London. Wengi mmeiona hata kama jina lake hamlijui: mwanamume kavaa kofia jeusi kubwa kama chungu kilichofunikwa, mwanamke kavaa gauni la kijani na kulikusanya tumboni mpaka unadhani ni mjamzito. Ukutani nyuma yao kuna kioo cha duara kilichobinuka, na chini miguuni kuna kijibwa cha manyoya.

Rafiki yangu ananiambia yule mbwa ni uaminifu wa ndoa. Mshumaa mmoja unaowaka mchana kweupe ni jicho la Mungu. Viatu vimevuliwa kwa sababu pale ni mahali patakatifu. Machungwa ya dirishani ni bustani ya Edeni kabla ya dhambi. Alikwenda kitu kimoja kimoja namna hiyo mpaka nikajiona mjinga, maana mimi nilichoona ni watu wawili matajiri na mbwa wao.

Sasa nauliza: hizo maana kazitoa wapi? Nani aliziamua? Na kama kila kitu kwenye picha kina siri, mbona mchoraji hakuacha hata neno moja la kutuelekeza? Nashuku kuna watu wanatuuzia mbuzi kwenye gunia. Nipingeni, ila kwa hoja.


#2 Ngoja Waje

Nimekaa mstari wa mbele kabisa. Waje wenyewe.


#3 Brashi Kavu

Mleta uzi usitishwe, uko sahihi. Mimi nachora. Jina sina, lakini nachora na nauza.

Kuna wakati nilichora mwanamke amekaa kizingitini, pembeni yake nikaweka ndoo nyekundu. Kwa nini nyekundu? Upande ule wa turubai ulikuwa umepoa, kijivu mtindo mmoja, jicho likifika pale linateleza linatoka nje. Nilihitaji kitu cha kulidaka. Basi. Siku ya maonyesho akaja bwana mmoja, akasimama pale na kuanza kuwaeleza wenzake kwamba ndoo ile ni damu ya watoto ambao mama yule hakuwapata. Watu wakaguna. Mmoja akatoa leso. Picha ikanunuliwa siku ileile, na mimi nikatulia kama maji mtungini.

Kwa hiyo nikisikia mbwa ni uaminifu na mshumaa ni Mungu, naikumbuka ndoo yangu. Mchoraji ana shimo kwenye picha, analiziba kwa alichonacho. Wasomi wanakuja baada ya miaka mia tano wanaokota maana.


#4 Ngoja Waje

Damu ya watoto 😂😂 na hela ukapokea.


#5 Brashi Kavu

Nilipokea, tena bila punguzo.


#6 Fundi Maana

Brashi Kavu, hadithi yako tamu, ila usimpime van Eyck kwa ndoo yako. Wewe unachora wakati ambao msanii anaweka kitu kwa sababu rangi imemtaka, na hakuna wa kumuuliza. Yeye alichorea watu waliokulia kwenye picha za kanisani, ambako mzee mwenye funguo ni Petro, mwanamke mwenye gurudumu ni Katarina, na mwenye kubeba macho yake kwenye sahani ni Lusia. Wengi hawakujua kusoma herufi, lakini hizo walizisoma. Hapakuwa na siri hapo, maana kila mtu aliijua lugha.

Chungulia, umeuliza nani aliamua. Kwa picha hii jibu lina jina. Mwaka 1934 msomi Erwin Panofsky aliandika makala akidai kwamba ile ni kama cheti cha ndoa kilichochorwa. Ukutani juu ya kioo kuna maandishi ya Kilatini yasemayo kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa, 1434. Hajaandika kwamba ndiye aliyeichora, kaandika kwamba alikuwapo. Panofsky akasema: hiyo ni sahihi ya shahidi. Na vitu vyote vya kawaida vilivyomo chumbani vimebeba maana ya dini, ila zimevikwa uhalisia hata usizitambue haraka. Rafiki yako anayarudia maneno hayo, labda bila kujua ni ya nani.

Mwaka 1939 Panofsky akaja na mfano ninaoupenda sana. Unakutana na mtu barabarani, anavua kofia. Kwanza unaona tu mtu na kitu kinachoinuka kichwani. Pili, kwa kuwa unaijua desturi, unatambua ni salamu, iliyobaki toka zama ambazo wapiganaji walivua helmeti kuonyesha kwamba hawakuja kwa shari. Tatu, kwa namna anavyoivua unaanza kumjua yeye, malezi yake, hata zama zake. Kofia yenyewe haina salamu ndani. Ipasue, hutaikuta. Salamu iko kati ya watu wanaoijua.

Kwa hiyo ukisema "nimeona mbwa tu", hujakosea. Umesimama kwenye hatua ya kwanza.


#7 Bi Turubai

Fundi, makala ya 1934 umeieleza vizuri, lakini umewaachia watu nusu ya kisa, na nusu iliyobaki ndiyo yenye utamu.

Cheti cha ndoa kinadai kuwe na ndoa. Kwa miaka mingi watu waliamini wale wawili ni Giovanni di Arrigo Arnolfini, mfanyabiashara kutoka Lucca, Italia, aliyekaa Bruges, mji wa Ubelgiji ya leo, na mkewe Giovanna Cenami. Mwaka 1997 ikachapishwa habari ya hati inayoonyesha kwamba wawili hao walioana 1447. Fanyeni hesabu: picha ni ya 1434. Ndoa ilikuja miaka 13 baadaye, na van Eyck mwenyewe alikufa 1441. Shahidi gani huyo wa harusi iliyofungwa yeye yuko kaburini miaka sita?

Sasa wengi wanaelekea kwa binamu yake, Giovanni di Nicolao Arnolfini. Mkewe huyo, Costanza Trenta, alikuwa ameshafariki kufikia 1433. Ndipo mtafiti Margaret Koster akaja mwaka 2003 na usomaji mwingine: labda mwanamke wa picha ile ni marehemu. Angalieni taa ya mishumaa inayoning'inia. Mshumaa unaowaka uko upande wa mume. Upande wa mke umebaki mchirizi wa nta tu. Mshumaa uleule uliokuwa jicho la Mungu kwenye harusi, sasa ni uhai uliozimika. Mkono anaoushika huenda ni mkono wa kumbukumbu.

Sisemi Koster kapatia. Nasema kitu hakikubadilika hata nukta, kilichobadilika ni karatasi moja iliyotoka kwenye kumbukumbu za kale, na mshumaa ukageuka maana.

Na kuhusu mbwa: wataalamu walipoipiga picha hiyo kwa miale inayopenya rangi, waliona michoro ya awali ya kalamu chini. Mume yupo, mke yupo. Mbwa hayupo. Alipakwa moja kwa moja kwa rangi, bila kuchorwa kwanza.


#8 Brashi Kavu

HAYO NDIYO MANENO. Mbwa aliongezwa mwishoni! Ndoo yangu hiyo hiyo!


#9 Chungulia (mleta uzi)

Nimekubali kukaa chini nisikilize. Dada Bi Turubai, sasa umenichanganya zaidi. Kama karatasi moja inaweza kuibomoa maana iliyokaa miaka sitini, basi tunasoma alama au tunapiga ramli?


#10 Lisani

Nami nachangia kutoka upande wa lugha, maana ninaona mnatumia neno "alama" kwa vitu vitatu tofauti. Moshi ni dalili ya moto, haukuhitaji makubaliano. Taa nyekundu barabarani ni alama, imekubaliwa ina maana moja na haitakiwi kuwa na mbili. Kile mnachobishania ni taashira: kitu kinabaki kuwa chenyewe na papo hapo kinabeba kingine, na mzigo wake haupimiki kwa kilo. Mbwa wa picha ile anaweza kuwa mbwa kamili, mwenye viroboto, na bado akawa uaminifu. "Au" kwenye kichwa cha uzi ndiyo inayotusumbua.

Chungulia, kuhusu ramli, nikupe visa viwili vya makosa ya tafsiri.

Cha kwanza. Mwaka 1910 Sigmund Freud, yule mtaalamu wa mambo ya nafsi, aliandika kitabu kidogo juu ya Leonardo da Vinci. Leonardo alikuwa ameandika kwamba alipokuwa mtoto kitandani, ndege alimjia akampiga midomoni kwa mkia. Ndege huyo kwa Kiitaliano ni *nibbio*, yaani mwewe. Tafsiri ya Kijerumani aliyoitumia Freud iliandika tumbusi. Freud akajenga ghorofa juu ya tumbusi: akamleta Mut, mungu mama wa Misri ya kale aliyechorwa na kichwa cha tumbusi, akaeleza utoto wa Leonardo na mapenzi yake kwa mama. Baadaye mwenzake mmoja, Oskar Pfister, akamwona tumbusi amejificha kwenye nguo ya Bikira Maria katika picha ya Leonardo! Ukielekezwa mstari kwa mstari, kweli unamwona. Tatizo hakuwahi kuwapo tumbusi. Alikuwa mwewe.

Cha pili. Kitabu cha Kutoka sura ya 34 kinasema Musa alishuka mlimani ngozi ya uso wake iking'aa. Kitenzi cha Kiebrania pale ni ndugu wa neno la pembe. Jerome alipotafsiri Biblia kwa Kilatini, akaandika neno lenye maana ya "mwenye pembe". Wachoraji na wachongaji wa Ulaya wakampa Musa pembe karne kwa karne, mpaka Michelangelo naye akamchonga na pembe mbili kichwani, ile sanamu iliyoko kanisa la San Pietro in Vincoli, Roma.

Sasa tazameni. Makosa yote mawili ni ya neno. Lakini tumbusi wa Leonardo si taashira ya chochote, na pembe za Musa ni taashira halali kabisa. Ukiona mzee mwenye ndevu na pembe kwenye sanaa ya zama zile, ni Musa, na hakuna atakayekubishia. Tofauti ni kwamba pembe zilikuwa vichwani mwa mchongaji, mteja na waumini kabla patasi haijagusa jiwe. Tumbusi alikuwa kichwani mwa msomaji peke yake, na amechelewa karne nne.


#11 Ngoja Waje

Lisani umeniua. Kumbe hata kosa likikubaliwa na wengi linapata uraia.


#12 Lisani

Linapata uraia na wajukuu. Na lugha hufanya zaidi ya hapo. Kwenye vyombo vya kauri na mapambo ya nguo za Wachina utakuta popo kila mahali, tena popo wazuri, wekundu, wakati mwingine watano kwa pamoja. Ukiwatazama kwa macho ya Ulaya utasema usiku, mashetani, kama wale wanaomrukia mtu aliyelala mezani kwenye mchoro wa Goya wa 1799. Kumbe kwa Kichina silabi ya *fu* iliyomo kwenye jina la popo inatamkwa sawa na neno la baraka. Popo watano ni baraka tano. Akichorwa kichwa chini ni bora zaidi, kwa sababu neno la "kupinduka" linasikika kama "kufika": baraka zimefika. Samaki naye ni *yu*, sauti moja na neno la ziada. Hapo hata ukae na popo mwaka mzima ukimchunguza mabawa, maana hutaiona, kwa sababu haiko kwenye mabawa. Iko sikioni.


#13 Mgeni Njiani

Samahani wakuu, mimi mgeni kwenye mambo haya. Je, hakuna kamusi? Mtu ukiona tai unafungua T, ukiona ua unafungua U?


#14 Fundi Maana

Mgeni, karibu. Kamusi ilikuwepo, tena wasanii wenyewe waliitumia. Cesare Ripa alichapa *Iconologia* mjini Roma mwaka 1593, toleo la kwanza bila michoro, na toleo la 1603 likaja na michoro. Humo fadhila, maovu, sanaa na majira yamepangwa kwa alfabeti, kila moja limeelezwa kama mtu: avae nini, ashike nini, akanyage nini. Vermeer, mchoraji wa Uholanzi, alipochora picha yake ya Imani, akamweka mwanamke amekanyaga tufe la dunia, sakafuni tufaa lililong'atwa na nyoka aliyepondwa na jiwe. Alikuwa anamfuata Ripa, aliyekuwa ameshatafsiriwa kwa Kiholanzi mwaka 1644. Kwa maoni yangu ni moja ya picha zake zilizopoa zaidi, inasomeka kama fomu iliyojazwa. Kamusi ikiwa nyingi, picha inakauka.


#15 Bi Turubai

Na mwenye kuijua kamusi vizuri ndiye anayejua wapi pa kuivunja. Ripa anaeleza Uchoraji kuwa mwanamke mzuri, nywele nyeusi zimetimka, mkufu wa dhahabu shingoni wenye kinyago kidogo, na kitambaa kimemfunga mdomo, kwa sababu picha haisemi. Artemisia Gentileschi, mchoraji mwanamke wa Italia, akajichora mwenyewe kama Uchoraji, karibu mwaka 1638 au 1639. Nywele zimetimka. Mkufu upo, kinyago kinaning'inia. Ameinama kazini, mkono wenye brashi umenyooka juu.

Kitambaa cha mdomo hakipo.

Mtu asiyemjua Ripa anaona mwanamke anachora, na picha inampendeza, haina shida. Anayemjua Ripa anasimama pale na kuona kitu ambacho hakikuchorwa.


#16 Chungulia (mleta uzi)

Dada, hiyo namba 15 imenisimamisha nywele. Kwa hiyo hata kutokuwepo kunasomeka?


#17 Lisani

Kunasomeka, ila ni lazima pawe na kiti kwanza ndipo useme kiko wazi. Katika michongo ya kale ya Kibudha kama ile ya Sanchi, India, Buddha haonyeshwi kama mtu. Kuna kiti kitupu, mti, gurudumu, nyayo mbili, na watu wamepiga magoti kuvielekea. Wale waliopiga magoti ndio wanaokuambia kwamba utupu ule una mwenyewe.


#18 Mgeni Njiani

Na michoro isiyo na kitu kabisa? Niliona mraba mweusi tu, wanasema ni mchoro mkubwa wa dunia. Hapo taashira iko wapi?


#19 Bi Turubai

Huo ni wa Kazimir Malevich, mchoraji wa Urusi. Usiutazame mraba, tazama ulitundikwa wapi. Kwenye maonyesho ya Petrograd mwaka 1915 aliuweka juu kabisa, kwenye kona ambapo kuta mbili zinakutana na dari. Kwenye nyumba za Warusi Waorthodoksi kona hiyo ndiyo ya picha takatifu. Aliyeingia pale alielewa kabla hajasoma kitu. Ukiutundika mraba uleule katikati ya ukuta mweupe, kama unavyouona siku hizi, nusu ya maneno yake yamekatwa.


#20 Brashi Kavu

Nimewasoma wote na kwa heshima bado sijashuka. Mnatuletea picha zenye kamusi, zenye kona takatifu, zenye pembe. Sawa. Mimi nazungumzia zile nyingine, ambazo ndizo nyingi. Kuna mtu amewahi kumuuliza mchoraji wa zamani uso kwa uso, "hiki umekiweka kwa nini?" na akajibu kwamba ni taashira?


#21 Bi Turubai

Ameulizwa. Na jibu lake utalipenda mpaka ukose usingizi.

Julai 1573 Paolo Veronese aliitwa mbele ya mahakama ya kuchunguza uzushi, Venice. Alikuwa amechora Karamu ya Mwisho kubwa ya kutisha, upana wake karibu mita 13, ikajaa watu ambao Injili haikuwataja: askari wa Kijerumani, mtu anayetokwa damu puani, mchekeshaji mwenye kasuku, na mbwa mbele kabisa. Wakamuuliza kila mmoja anafanya nini pale. Akawajibu kwamba wachoraji wana ruhusa ileile waliyo nayo washairi na vichaa, na kwamba nafasi ikibaki kwenye picha anaipamba kwa watu anaowabuni.


#22 Brashi Kavu

Huyo ni ndugu yangu wa damu.


#23 Bi Turubai

Subiri. Kabla ya hapo alikuwa ameagizwa amtoe yule mbwa amweke Maria Magdalena. Akasema angefanya lolote kwa heshima ya kazi, ila hakuona kwamba sura ya Magdalena ingekaa vizuri pale. Mahakama ikampa miezi mitatu airekebishe kwa gharama zake. Alichofanya ni kubadili jina: badala ya Karamu ya Mwisho, ikawa Karamu Nyumbani kwa Lawi, ambapo wenye dhambi kukaa mezani ni halali. Mbwa yuko palepale mpaka leo.

Sasa niambie, Brashi Kavu. Kama mbwa ni mbwa tu na nafasi ni nafasi tu, mbona mahakama nzima ilikaa kumjadili? Mchoraji alikuwa anaziba shimo, sawa, nakubali. Lakini aliliziba kwenye meza ya Yesu, na kila kilichokaa kwenye meza ile kilisomwa, atake asitake. Tena jina likibadilika, mbwa yuleyule hana tena kesi.


#24 Fundi Maana

Hapo Bi Turubai kagusa penyewe. Nikitakiwa kutofautisha usomaji na ramli, siulizi "kitu hiki kinaweza kumaanisha nini?" maana kila kitu kinaweza kumaanisha chochote. Nauliza nikikitoa picha inapungukiwa nini, na kama vitu vingine vilivyomo vinakiunga mkono au kimesimama chenyewe kama yatima.

Mfano ni Mabalozi wa Holbein, 1533. Wanaume wawili vijana, Jean de Dinteville na Georges de Selve, kati yao kabati la vyombo vya kupimia mbingu na dunia, vitabu na kinanda cha nyuzi. Chini mbele yao kuna kitu kirefu cha ajabu kimelala mshazari kama ubao. Ukisogea pembeni ya picha ukaitazama kwa upande, kinajikusanya na kuwa fuvu la mtu.

Kinanda kile kina uzi mmoja uliokatika. Ni taashira au fundi alikuwa mvivu? Miaka miwili kabla, 1531, Andrea Alciato alichapa kitabu cha michoro yenye mafumbo, na humo kinanda cha aina hiyohiyo kimewekwa kuwa mfano wa mapatano kati ya watawala: uzi mmoja ukilegea au ukikatika, muziki wote umeharibika. Halafu pembeni ya kinanda kuna kitabu cha nyimbo za Kilutheri kimefunguliwa. Halafu mwenye picha ni balozi wa Ufaransa London, mwaka ambao Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza anavunja ndoa na kuachana na Roma. Halafu juu kushoto, nyuma ya pazia, amejificha Kristo msalabani, nusu tu anaonekana. Uzi uliokatika una ndugu kila upande. Tumbusi wa Freud hakuwa na ndugu hata mmoja.


#25 Mpenda Shaba

Uzi umetulia, ila mmekaa Ulaya muda mrefu. Tazameni shaba za Benin, ufalme wa kale uliokuwa Nigeria ya leo, zile zilizobebwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897. Kuna mahali Oba, yaani mfalme wao, anaonyeshwa ameshika chui wawili mikononi, na mahali pa miguu yake pana samaki. Anayetoka nje atasema ni ndoto ya msanii. Lakini samaki yule ni wa jamii ya kambare, anayeishi majini na akaweza kuhimili nchi kavu, na Oba ana uhusiano na Olokun, mwenye bahari. Kwa hiyo mtawala ana mguu kwenye falme mbili, naye anamshika chui, mfalme wa porini, kama paka. Ni sentensi nzima ya siasa, imeandikwa kwa shaba. Waliozibeba walipata chuma na umbo. Sentensi waliiacha, mpaka walipoanza kuwauliza wenyewe.


#26 Mpenda Shaba

Nimeandika "chuma" hapo juu, nilikusudia madini. Shaba ni shaba.


#27 Chungulia (mleta uzi)

Na msanii mwenyewe akisema? Neno lake si la mwisho?


#28 Fundi Maana

Muulize Picasso. Guernica ya 1937, turubai la karibu mita 3.5 kwa 7.8, alilichora baada ya mji wa Hispania wenye jina hilo kupigwa mabomu Aprili 26. Kuna fahali amesimama, kuna farasi anapiga kelele katikati. Mwaka 1945 alisema kwenye mahojiano kwamba fahali ni ukatili na giza, na farasi ni watu. Wakati mwingine alisema fahali ni fahali na farasi ni farasi. Lipi ni lake? Yote mawili. Ninavyomwelewa, la kwanza alijibu, la pili alichoka kuulizwa. Neno la msanii ni ushahidi mmoja mezani, mzito, lakini si hukumu.


#29 Brashi Kavu

Nimelala na uzi huu, nimeamka nao. Nina la kukiri na la kushikilia.

La kukiri ni rangi. Nilisema mchoraji anaziba shimo kwa alichonacho. Jana nikakumbuka ile buluu ya vazi la Maria. Ilisagwa kutoka kwenye jiwe lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, likasafiri nusu ya dunia. Mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio alisaini mkataba wa picha ya mamajusi, na mkataba ukamwambia buluu lazima iwe ya thamani ya takriban florini nne kwa aunsi. Yaani mteja anataka buluu ghali, na watazamaji wanaijua buluu ghali wakiiona. Mchoraji hawezi kuchovya pale kwa bahati. Mimi ndoo yangu ilikuwa ya rangi ya kopo. Basi nakubali, zamani hata rangi ilikuwa na cheo.

La kushikilia ni mbwa. Nimefungua ile picha ya van Eyck nikaikuza. Wale wawili hawatazamani, na mke macho yake yako chini. Mikono yao iko katikati, na chini ya mikono, kati ya gauni na viatu, pana uwazi mkubwa wa sakafu. Ukimfunika mbwa kwa kidole, picha inapasuka katikati, kila mtu upande wake. Ukiondoa kidole, wanaungana. Nimerudia mara kumi. Yeyote anayechora atakwambia pale pangewekwa kitu tu, hata kikapu.


#30 Bi Turubai

Umesikia ulichokiandika? "Ukimfunika mbwa, kila mtu upande wake. Ukimwondolea kidole, wanaungana."


#31 Brashi Kavu

...

Dada, acha.


#32 Ngoja Waje

Kakamatwa 😂


#33 Brashi Kavu

Nimesema hata kikapu!


#34 Chungulia (mleta uzi)

Nimeikuza na mimi. Nimefunika, nimefunua. Halafu nikaona kitu ambacho rafiki yangu hakukitaja. Mle ndani yule mbwa ndiye anayekodoa macho moja kwa moja kwetu, kama tumeingia bila hodi.

Nimemtumia rafiki yangu uzi huu wote. Amejibu neno moja: "Na machungwa?"


#35 Lisani

Machungwa yafungulie uzi wake, mkuu. Pale Bruges yalitoka kusini kwa meli, kwa hiyo yanaanza kwa bei kabla hayajafika Edeni, na najua Brashi Kavu hatakubali.


#36 Brashi Kavu

Kingo ya dirisha ilikuwa tupu. Nipo hapa nasubiri.